Kiti cha Kuazimwa



Majuma haya swali moja lasikika kila wakutanapo watu wawili watatu: bandarini Baraka mitumbwi irudipo na ndagala, sokoni Fizi, na hata uwanjani pa kanisa baada ya Misa. "Nani atafuata?" Watu wahesabu kwa vidole. Rais Félix Tshisekedi aliapishwa kwa muhula wake wa pili tarehe 20 Januari 2024. Na Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 70, yampa Rais miaka mitano, iwezayo kurudiwa mara moja tu. Basi wako wangojao mabadiliko kama mkulima angojavyo mvua za kwanza. Wako wayaogopao, maana wameona mengi. Na wako wasemao, "Awe huyu, awe yule, kwetu ni mamoja, njia ya Uvira itabaki na matope yake."

Sisi hatuandiki hapa ili kumsifu mtu wala kumshusha mtu. Gazeti la familia za Kikristu halina chama. Walakini raia Mkristu ana haki ya kutumaini, tena ana wajibu wa kujua anatumaini nini. Leo twataka kusema jambo moja tu: tumaini letu lisikae juu ya jina la mtu, likae juu ya desturi njema ya kupokezana kiti kwa haki na kwa ukweli. Kiti cha utawala ni cha kuazimwa. Mtu akiazima mtumbwi wa jirani, hurudisha mtumbwi siku ya ahadi, pamoja na makasia yake. Hausemi kuwa wake kwa sababu ameuzoea.

Tuanze mbali kidogo, ili vijana wetu wajue tulikotoka.

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Raia walitazamia shule, mishahara na heshima. Walichokiona upesi ni wakubwa wakigombania kiti. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza, aliuawa tarehe 17 Januari 1961, kabla nchi haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru. Mwaka 1964 hasira ya vijana ililipuka, na uasi ule ulioitwa wa Simba ukafika katika nchi yetu. Hatusemi kwamba vijana wale hawakuwa na sababu ya kulalamika, walikuwa nayo. Lakini njia waliyoishika ilikuwa ya bunduki, na bunduki haiulizi nani ana kosa na nani hana.

Tarehe 28 Novemba 1964, hapa Baraka, aliuawa Bruda Vittorio Faccin, kisha Padri Luigi Carrara. Padri huyu alitakiwa afuatane na wale watu. Akakataa kumwacha mwenzake, akapiga magoti kando ya maiti yake, naye akauawa papo hapo. Siku ile ile, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Watatu walikuwa wamisionari Wasaveri kutoka Italia. Wa nne, Padri Joubert, alikuwa mzaliwa wa Kongo, mwana wa mama Mkongo. Tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo, akimwakilisha Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri huko Uvira. Twawaheshimu kwa imani yao na kwa upendo wao. Lakini yafaa pia tukumbuke ni katika machafuko gani walimwaga damu. Yalikuwa machafuko ya watu wasiokuwa na njia ya amani ya kuwabadilisha watawala wao.

Mwaka uliofuata Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma pamoja na wenzake wa Kuba, akakaa katika milima yetu tangu Aprili hadi Novemba 1965, kisha akaondoka bila mafanikio. Mwezi ule ule wa kuondoka kwake, tarehe 24, Jenerali Mobutu alitwaa kiti kwa nguvu za jeshi. Alisema kwamba atatawala miaka mitano ili kuitengeneza nchi. Ikapita mitano, ikapita kumi, ikapita thelathini. Aliyeazima mtumbwi alisahau kwamba una mwenyewe.

Katika miaka hiyo milima ya Fizi ilikuwa na mgeni wake. Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake mwaka 1967, akaweka kambi yake Hewa Bora. Miaka thelathini baadaye, tarehe 17 Mei 1997, majeshi yake yaliingia Kinshasa, naye akajitangaza Rais. Ilikuwa rahisi kwa watu wa kwetu kusema, "Sasa anatawala mtu aliyekula ugali wetu wa muhogo; zamu ya Fizi imefika."

Zamu ikafika kweli, lakini ilikuwa zamu ya machozi. Vita vikaanza tena tarehe 2 Agosti 1998. Mwishoni mwa Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, huko Makobola na vijiji vya jirani, mamia ya raia waliuawa, akina mama na watoto miongoni mwao. Maelfu ya watu walivuka ziwa kwenda Tanzania, na wengi wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mpaka walipoanza kurudishwa kwa meli kupitia Baraka mwaka 2005. Rais mwenyewe alipigwa risasi tarehe 16 Januari 2001, na kiti kikashikwa na mwanawe Joseph, ambaye kwa taarifa rasmi alizaliwa Hewa Bora tarehe 4 Juni 1971.

Tuhesabu basi. Tangu Mei 1997 hadi Januari 2019 ni karibu miaka 22. Baba na mwana, wote wawili wana historia ndani ya milima yetu. Je, barabara ya taifa namba 5 ilitiwa lami kutoka Uvira hadi Fizi? Haikutiwa. Je, bunduki zilinyamaza katika misitu yetu? Hazikunyamaza. Hatusemi haya ili kuwafungulia mashtaka watu wawili. Twayasema kwa sababu uzoefu huu ni mali yetu, tumeununua kwa bei kubwa, na haifai kuupoteza. Umetufundisha kwamba mtu wa kwetu kukaa kitini si sawa na haki kukaa kwetu. Anayesema, "Ngojeni, akija mtu wa kabila letu tutashiba," amesahau somo ambalo Fizi imelisoma kuliko wilaya nyingi za Kongo.

Sasa tuje kwenye mabadiliko yaliyofanyika bila risasi.

Muhula wa pili wa Rais Joseph Kabila ulikwisha kwa Katiba tarehe 19 Desemba 2016. Uchaguzi haukufanywa. Maaskofu wetu waliwaketisha wanasiasa meza moja, na tarehe 31 Desemba mwaka ule mapatano yakatiwa sahihi. Yalipochelewa kutimizwa, walei Wakatoliki wa Kinshasa na wa miji mingine waliingia barabarani wakiwa na rozari na misalaba mikononi, tarehe 31 Desemba 2017, kisha 21 Januari na 25 Februari 2018. Walipigwa mabomu ya machozi na risasi, na wengine wakafa. Mmoja wao alikuwa binti aliyejiandaa kuingia maisha ya utawa. Ndivyo walivyofanya Wakristu wa Kinshasa tarehe 16 Februari 1992, walipoandamana kudai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena, na damu ikamwagika siku hiyo pia. Hawa wote hawakushika panga wala jiwe. Waliomba jambo dogo: aliyeazima arudishe.

Mwishowe Rais Kabila hakugombea tena, na uchaguzi ulifanywa tarehe 30 Desemba 2018. Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Bwana Félix Tshisekedi amepata zaidi ya asilimia 38 ya kura, na Bwana Martin Fayulu karibu asilimia 35. Lakini Kanisa lilikuwa limetawanya watazamaji karibu 40,000 katika nchi yote, na Maaskofu wakasema wazi kwamba matokeo yale hayakulingana na hesabu zilizokusanywa na watazamaji hao. Mahakama ya Katiba iliyathibitisha matokeo tarehe 20 Januari 2019. Na siku nne baadaye, kwa mara ya kwanza tangu Uhuru, Rais wa Kongo alimkabidhi mwingine kiti akiwa hai, mchana, mbele ya watu, bila risasi.

Hapo raia Mkristu alibaki na mambo mawili mikononi, na haifai kutupa hata moja. La kwanza ni shukrani. Watoto wa nchi yetu waliona kwa macho yao kwamba Rais aweza kushuka na nchi isianguke. Hilo si jambo dogo kwa taifa lililoona marais wakipinduliwa, wakikimbia na wakiuawa. La pili ni deni. Amani isiyosimama juu ya ukweli ni kama nyumba iliyoezekwa kabla ya nguzo kuchimbiwa: yapendeza kwa mbali, lakini mwenye nyumba halali usingizi mvua inyeshapo. Raia aliyepiga kura na asijue kama kura yake imehesabiwa, safari ijayo atauliza, "Nipange mstari jua kali kwa faida gani?" Na kijana asiyeamini karatasi ya kura ni rahisi kumpa bunduki.

Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 haukuliondoa deni hilo. Rais Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73, na Tume ya Uchaguzi yenyewe ikafuta kura za wagombea 82 wa mabaraza mbalimbali kwa sababu ya udanganyifu na makosa mengine. Kisha, tarehe 23 Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais alitangaza kwamba ataunda tume ya kutayarisha Katiba mpya. Tangu hapo maneno hayajatulia. Wengine husema Katiba ya sasa ina upungufu. Huenda unao, kazi ya mikono ya binadamu haikosi upungufu. Lakini waliotunga Katiba ile waliijua historia yetu. Katika kifungu cha 220 waliandika kwamba idadi na urefu wa mihula ya Rais havitaguswa. Walikuwa kama mzee anayefunga mlango kwa komeo kwa kuwa amekwisha kuibiwa mara nyingi.

Basi, wasomaji wapenzi, sisi twatumaini nini? Twatumaini mambo manne.

Kwanza, tarehe iheshimiwe. Wahenga walisema: mpanda ngazi hushuka. Hawakusema kwamba kushuka ni aibu. Tazameni Kanisa letu: Askofu akitimiza miaka 75 huombwa amwandikie Baba Mtakatifu kwamba yu tayari kuacha kazi yake. Papa Benedikto wa 16 aliacha mwenyewe Kiti cha Petro tarehe 28 Februari 2013, kwa kuwa aliona nguvu zake zimepungua. Ng'ambo ya ziwa letu, Julius Nyerere aliacha urais wa Tanzania mwaka 1985 kwa hiari yake, akarudi kijijini kwake Butiama. Si kwamba jirani zetu hawana huzuni zao. Uchaguzi wao wa Oktoba 2025 ulimwaga damu, nasi twawaombea. Lakini siku ile ya 1985 iliwafundisha watu wao kwamba Rais ni mtu ambaye huja na huenda.

Pili, hesabu iwe ya kweli. Sheria yataka matokeo ya kila chumba cha kura yabandikwe hapo hapo mahali pa kupigia kura, na mashahidi wa wagombea wapewe nakala. Karatasi ile iliyobandikwa mlangoni ni ndogo, lakini ina nguvu kuliko hotuba mia. Yakiwa matokeo ya Kinshasa hayafanani na karatasi za milangoni, mwenye macho ataona.

Tatu, aliyeshuka aweze kuishi kama raia. Katiba yetu humpa Rais mstaafu aliyechaguliwa kiti katika Seneti maisha yake yote, ili asiogope kuondoka. Tumeona lakini mwaka 2025 Seneti ikimwondolea Rais mstaafu Joseph Kabila kinga yake mwezi Mei, na tarehe 30 Septemba Mahakama Kuu ya Kijeshi ikimhukumu kifo kwa uhaini, naye hakuwapo. Sisi si mahakimu wa kesi hiyo. Mtu yeyote akishirikiana na wanaoiua nchi, hana budi kujibu mbele ya haki, hata kama alikuwa mkubwa. Lakini Kanisa lafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Tena twauliza swali la raia mdogo: mtawala wa kesho, akiona kwamba mlango wa kutokea waelekea gerezani au kaburini, atautoka kwa hiari? Haki iwepo, iwe ya wazi, isiwe kisasi. La sivyo kila Rais atashikamana na kiti kama mtu anayezama ashikavyo ubao.

Nne, matunda yaonekane kwa aliye mdogo. Shule ya msingi ilitangazwa kuwa bure mwezi wa Septemba 2019, kama Katiba ilivyoagiza katika kifungu cha 43. Tulifurahi, maana watoto wengi, hasa wasichana, waliingia darasani. Lakini madarasa yalijaa kupita kiasi, na walimu wengi walikaa bila mshahara wa Serikali. Sheria njema bila mkate wa mwalimu ni mtumbwi bila kasia. Hali kadhalika amani. Katika nyanda za juu za Fizi, Mwenga na Uvira, hasa tangu mwaka 2017, vijiji vya Wabembe, Wafuliru, Wanyindu na Wanyamulenge vimechomwa moto, ng'ombe wamenyang'anywa, mashamba yameachwa. Kiongozi tunayemtumaini ni yule atakayewaona wote hao kuwa watu wake, asiyewahesabu kwa kura wala kwa kabila.

Pengine mtu atatuuliza: "Ninyi mwasema habari za kura, na nchi inaungua?" Ni kweli. Mwaka 2025 waasi wa M23, wakisaidiwa na Rwanda, walitwaa Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari. Na mwezi wa Desemba waliingia Uvira, mlangoni petu, na watu wengi wakakimbilia Burundi au kusini upande wa Fizi. Ndugu zetu waliokimbia na vyombo kichwani hawahitaji kuambiwa kwamba vita ni jambo zito.

Lakini twajibu hivi. Vita hivi havikutokana na kuheshimu Katiba kupita kiasi. Kila alipotokea mtu wa kutaka kiti kwa bunduki, alipata watu wa kumfuata miongoni mwa waliokata tamaa na karatasi ya kura. Na kila mtawala aliyekawia kitini alipata sababu ya kukawia katika vita. Hivi viwili hulishana: mwasi husema, "Nashika silaha kwa kuwa kiti hakiachwi," na mkubwa husema, "Siachi kiti kwa kuwa wako wenye silaha." Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi; na nyasi ni sisi. Ndiyo maana Maaskofu wetu, pamoja na viongozi wa Makanisa ya Kiprotestanti, walianzisha Januari 2025 mpango wa mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani, wakazunguka kwa wakubwa wa pande zote kuwasihi waketi pamoja. Walilaumiwa na wengi. Msuluhishi hulaumiwa daima, kwani kila upande humtaka awe wake.

Mwingine atauliza: "Na mtu wa Fizi, mvuvi au mwalimu, aweza nini juu ya kiti kilicho Kinshasa?" Aweza mambo mengi kuliko adhanivyo, nayo huanzia karibu.

Kila mzazi aulize nyumbani kwake na katika jumuiya yake ndogo, ile tuiitayo shirika: mwenyekiti wetu alichaguliwa lini? Kitabu cha fedha kilisomwa lini mbele ya wote? Huko mashirikani wako watu wema walioshika ufunguo wa sanduku miaka kumi na mitano, na mtu akiuliza hesabu huambiwa ana kiburi. Chama cha wavuvi, kamati ya wazazi shuleni, ushirika wa akina mama wa soko, kwaya ya parokia: haya ndiyo madarasa ya kwanza ya utawala. Taifa ambalo katika shirika halijui kupokezana ufunguo, litajuaje kupokezana Ikulu? Tukianza hapo, tutakuwa tumewapa watoto wetu mazoea ambayo hakuna mkubwa wa Kinshasa awezaye kuwanyang'anya.

Tena, wakati wa kuandikisha wapiga kura ukifika, tuandikishwe. Kura isiuzwe kwa shati lenye picha, kwa kilo ya chumvi wala kwa chupa ya pombe. Anayenunua kura ya mtu kwa chumvi atairudisha faida yake kutoka katika dawa za hospitali na mshahara wa mwalimu. Wale wenye elimu na wajitolee kuwa watazamaji na mashahidi, wakae hadi usiku kura zihesabiwapo, wanakili namba za karatasi iliyobandikwa, wasiongeze wala wasipunguze. Kazi hiyo haina makofi, lakini ni kazi ya kusema ukweli, na kusema ukweli ni amri ya Mungu.

Tena, tuuchunge ulimi. Wakati wa uchaguzi wagombea wengine hawana la kutuambia juu ya barabara wala juu ya shule. Basi hutuambia juu ya kabila la jirani. Mkristu akisikia mtu akimwita jirani yake nyoka au mgeni asiyestahili kuishi, asicheke, wala asilipeleke neno hilo katika simu za wenzake. Maneno ya namna hiyo yalitangulia moto katika vijiji vingi.

Nanyi wanafunzi, msidhani habari hii ni ya wazee. Aliyezaliwa mwaka 2010 atatimiza miaka 18 mwaka 2028, mwaka ambao kwa Katiba ya 2006 yapasa kufanywa uchaguzi. Basi jisomeeni vifungu vichache na kuvishika: cha 5, kisemacho kwamba enzi ni ya raia, cha 70 na cha 220, tulivyokwisha kuvieleza, na cha 64, kinachompa kila Mkongo wajibu wa kumkatalia anayetwaa madaraka kwa nguvu au kwa kuvunja Katiba. Kukatalia huko, kwa Mkristu, si kuchoma wala kuua. Ni kusema hapana kwa sauti, kwa maandishi, kwa miguu, kwa kura na kwa sala, kama walivyofanya wale wa 1992 na wa 2018. Na mkichaguana mkubwa wa darasa, mchagueni kwa haki, mumpe siku zake, na siku zikiisha mwambieni asante na mchague tena.

Twajua kwamba tumaini hili ni la kwenda polepole. Halitajenga daraja kesho, wala halitawarudisha waliokimbia juma hili. Wako watakaosema kwamba ni bora kungoja mtu mmoja shujaa, mwenye nguvu, atakayetengeneza yote kwa siku moja. Fizi imekwisha kumngoja shujaa wa namna hiyo mara nyingi: akaja na ahadi, akaja na bunduki, na walioachwa wakihesabu makaburi walikuwa ni mama zetu. Hatuna deni la kungoja tena. Kiongozi mwema tutamshukuru Mungu kwa ajili yake, tutamtii katika mambo yaliyo halali, tutamlipia kodi, tutamwombea katika Misa kama Kanisa lilivyofanya tangu mwanzo. Lakini tutamkumbusha, kwa heshima na bila woga, kwamba Bwana wetu aliwaosha mitume wake miguu, na kwamba mkubwa aliyeketishwa na raia ana siku ya kuondoka.

Tuwaombe Wenye Heri wetu wa Baraka na Fizi, waliokaa na watu wakati wakubwa walipogombana, watuombee viongozi wanaojua kupokea na kurudisha, na raia wasiochoka kudai kilicho chao kwa amani.

Tumsifu Yesu Kristu.